Barua ya wazi kwa watengenezaji wa gemu za fantasia: lipeni jina heshima mnayoupa uso

Kwenu wakurugenzi wa ubunifu, waandishi wa visa, wahandisi wa programu, na ninyi mnaotunga sheria za majina katika gemu za fantasia,

Salamu nyingi. Mimi ni mchezaji wenu wa miaka mingi. Nilianza enzi ambazo shujaa alikuwa vinukta vichache vya rangi vinavyorukaruka kwenye skrini, na nimefuatana nanyi hadi leo ambapo ndevu zake naweza kuzihesabu moja moja. Siandiki kulalamikia bei wala hitilafu za seva. Naandika kuhusu kisanduku kimoja kidogo, kile kinachokuja mwisho kabisa wa kuunda mhusika, ambacho naamini wengi wenu mmekiacha kama kilivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa chini akakifikiria. Kisanduku cha jina.

Niwaeleze kilichonipata. Gemu yenyewe siitaji. Ni ya kuchezwa mtandaoni na watu wengi kwa pamoja, na yaliyonikuta humo yamenikuta na kwingine. Nilikaa kuunda mganga wa nuru, mwanamke wa makamo. Uso wake ulinichukua karibu saa nzima na sikuona muda ukipita. Mlikuwa mmeweka kitelezi cha upana wa pua, kingine cha urefu wake, kingine cha ncha yake. Kovu la shavuni niliweza kulisogeza kidogo kidogo hadi likae ninapotaka, kisha nikaulizwa kama liwe bichi au lililokwisha kufifia. Nikachagua lililofifia, kwa kuwa kufikia hapo nilishaanza kumfahamu mtu huyu: aliumia akiwa binti, akapona, na jeraha halimsumbui tena. Nikabonyeza kuendelea, nikafika ukurasa wa mwisho. Kisanduku cheupe. Mstari mmoja. Maelezo hakuna.

Nikaandika Mng'aro.

Jina hilo sikuliokota. Tuna methali isemayo jina jema hung'aa gizani, na huyo ndiye niliyekuwa namwona kichwani: anatangulia kuingia pangoni, fimbo yake inawaka, wenzake wanafuata mwanga. Kisanduku kikageuka chekundu. "Jina hili halikubaliki." Kwa nini? Hakikusema. Nikadhani limeshachukuliwa, nikajaribu Mng'ao. Chekundu. Ng'aro. Chekundu. Nikarefusha, nikafupisha, nikaanza kwa herufi ndogo. Baada ya majaribio manane au tisa nikafuta ritifaa, kile kialama kinachokaa juu kati ya herufi, nikaandika Mngaro. Kikakubali papo hapo.

Nikaingia mchezoni. Hatua chache kutoka mahali nilipotokea alikuwa amesimama muuza silaha wenu, na juu ya kichwa chake jina lake limeandikwa kwa herufi za dhahabu. Lina ritifaa mbili.

Naomba mwelewe kwa nini nilisimama pale nikimtazama yule muuza silaha kwa muda mrefu kuliko alivyostahili. Katika Kiswahili ng' na ng ni sauti mbili. Ng'oa ni kutoa mti pamoja na mizizi yake. Ngoa ni wivu, ni tamaa. Anayefuta ritifaa hapo hajafuta pambo, amefuta sauti, na pamoja na sauti neno zima. Mng'aro ni mwanga. Mngaro si kitu. Kila msomaji wa Kiswahili anayekutana nami kwenye mchezo huo analiona kosa la tahajia linatembea, na anadhani kosa ni langu.

Wala si Kiswahili peke yake. Wahawaii wana ʻokina, alama inayofanana na ritifaa ambayo kwao ni konsonanti kamili. Waairishi wana Ó mbele ya koo zao. Waturuki wana i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, nazo si herufi moja. Kivietinamu kikivuliwa alama zake, maneno matano yasiyohusiana yanageuka kuwa neno moja. Watu hawa wote wanacheza gemu zenu, na wote wamewahi kufika kwenye kile kisanduku wakaambiwa lugha yao haikubaliki, bila kuambiwa hivyo waziwazi.

Asili ya katazo hili naifahamu, na sitaki kuwatendea isivyo haki. Katika lugha inayotumika kuzungumza na hifadhidata nyingi, ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Jina lenye ritifaa linaweza kukata amri katikati, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kupenyeza amri yake mwenyewe kupitia kisanduku cha jina. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini dawa yake inajulikana kwa muda mrefu sasa: amri ipelekwe peke yake, na alichoandika mtumiaji kipelekwe peke yake, visichanganywe kamwe. Programu inayofuata kanuni hiyo haitishwi na ritifaa wala alama nyingine yoyote. Programu isiyoifuata ina ugonjwa mkubwa kuliko majina yetu, na kuzuia alama moja hakuuponyi.

Kuna sababu ya pili, na hii naiheshimu zaidi. Katika Unicode, ile orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, zipo alama kadhaa ambazo kwa jicho ni ileile: ritifaa iliyonyooka, ile iliyopinda, na ile inayohesabiwa kuwa herufi. Vivyo hivyo а ya Kikirili na a yetu huwezi kuzitofautisha kwa macho. Tapeli anaweza kujipa jina linalofanana kabisa na la kiongozi wa chama cha wachezaji, akawaomba wanachama vifaa vyao, wakampa. Sawa. Lakini hili nalo lina njia. Zipokeeni ritifaa zote, kisha mzihifadhi kama moja. Kataeni jina linalochanganya alfabeti mbili ndani ya neno moja. Ni kazi ya mhandisi ya siku chache, kwa watu ambao walipata muda wa kutengeneza kitelezi cha ncha ya pua.

Na kwamba inawezekana, ushahidi upo. Final Fantasy XIV inamruhusu mchezaji kuweka ritifaa katika jina, na haikuishia kuruhusu tu. Watunzi wake waliandika kanuni za majina za kila jamii katika ulimwengu ule. Kwa Wamiqo'te wa upande wa Jua, watu wenye masikio na mkia wa paka, herufi ya kwanza ni ya kabila, ritifaa inafuata, kisha jina la mtu mwenyewe. Na kwa wanaume neno la pili linaonyesha hadhi yao katika kabila. Ukikutana na G'raha Tia, kabla hajafungua mdomo umeshajua ni wa kabila la G na ni mwanamume ambaye bado hajawa Nunh, cheo cha wanaume wachache wenye haki ya kuzaa watoto katika kabila. Ukimwona Papalymo Totolymo, wa jamii nyingine, unasikia vina viwili vikiitikiana, na vina hivyo ni desturi ya jamii yake. Yule mtunzi alijua kwamba alama ndogo kama ile inaweza kubeba ukoo mzima. Namshukuru kwa dhati, maana nilipoyasoma maelezo yale kwa mara ya kwanza nilihisi kuna mtu ndani ya chumba chenu anayewaza kama mimi.

Ombi langu kwa wengine wote ni kwamba kanuni za namna hiyo ziwekwe palepale kwenye ukurasa wa jina. Mistari mitatu inatosha: watu hawa hupeana majina hivi, sauti hii hutamkwa hivi, jina la pili lina maana hii. Mnatumia miaka kutunga historia ya falme zenu, mnaifungia ndani ya vitabu vya kwenye rafu za mchezo ambavyo wengi hatuvifungui, halafu dakika ambayo mchezaji anahitaji kujua jambo moja tu kuhusu ulimwengu wenu, yaani watu wa huku wanaitwaje, mnanyamaza. Kisha tunalaumiwa kwa kuleta majina yasiyofaa.

Na kile kitufe cha kubahatisha jina, nacho kipewe waandishi. Kwa sasa gemu nyingi zinaunganisha silabi kiholela, na unaweza kubonyeza mara thelathini usipate hata moja ambalo mama angemwita mwanawe. Mwandishi mmoja akipewa wiki moja aandike majina mia mbili kwa kila jamii, majina ya wavuvi, ya watawa, ya watoto waliozaliwa wakati wa vita, kitufe hicho kitakuwa mlango wa kuingilia kisa. Mimi ningekibonyeza ili nisome tu.

Mtaniambia nafasi haitoshi. Kuna wakati jibu hilo lilikuwa la haki. Dragon Quest ya 1986 na Final Fantasy ya 1987 ziliwapa wachezaji nafasi nne tu za jina. Kwa Kijapani nne hizo zilikuwa na upana wa kutosha, maana kila alama ya kana, mwandiko wao wa sauti, ni silabi. Zilipohamishiwa herufi za Kilatini, nafasi nne za Final Fantasy zikabaki nne, na mtu akajikuta na nusu ya jina. Kisanduku kilikuwa kilekile, lakini watu wawili hawakupewa kitu kimoja. Kumbukumbu ya vile vikasha vilivyobeba gemu wakati ule ilikuwa finyu na kila herufi ilihesabiwa.

Ila tazameni walichofanya na ufinyu huo! Katika Dragon Quest ile ya kwanza, herufi za jina lako ndizo zilizoamua nguvu ulizoanza nazo na jinsi zitakavyokua. Katika The Legend of Zelda ya 1986, aliyejiandikisha kwa jina ZELDA alifunguliwa safari ya pili, ngumu zaidi, yenye mashimo yaliyopangwa upya. Jina lilikuwa ufunguo. Lilikuwa ndani ya mchezo. Leo mna nafasi isiyopimika kwa vipimo vya wakati ule, na jina limekuwa kibandiko.

World of Warcraft, tangu 2004, inaruhusu herufi 2 hadi 12, bila nafasi, bila tarakimu. Sipingi kuwepo kwa kikomo. Jina linakaa juu ya kichwa na likizidi linafunika uso wa aliye nyuma. Ninachopinga ni kikomo kisichotajwa hadi ukigonge. Kiandikeni kando ya kisanduku. Na wale mnaolazimisha herufi tatu kwenda juu, kumbukeni kwamba duniani wapo watu halisi waitwao Ng, Wu, Li, na hata O. Wale mnaolazimisha jina la ukoo, kumbukeni kwamba mamilioni ya watu wana jina moja tu maisha yao yote na hawajapungukiwa na chochote.

Sasa nije kwenye chujio la maneno machafu, na hapa naomba mnivumilie kwani nina mengi.

Chujio linahitajika. Nimecheza na watoto wa ndugu zangu wakiwa pembeni, na sitaki wasome uchafu juu ya kichwa cha mtu. Lakini chujio linalotafuta vipande vya herufi ndani ya maneno limeshindwa tangu zamani, na kushindwa kwake kunajulikana. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe nchini Uingereza walizuiwa kufungua akaunti za AOL, kampuni ya huduma za intaneti, kwa sababu ndani ya jina la mji wao kuna herufi nne mfululizo zinazounda tusi la Kiingereza. Miaka mingi baadaye, katika mfululizo wa Dark Souls, gemu inayohusu mashujaa wa upanga na ngao, wachezaji waliojiita Knight walijikuta wamegeuzwa K***ht. Neno la kawaida kabisa katika fantasia yote, na chujio likalikata tumbo.

Fikirini basi hali ya jina kama Hassan au Kassim. Ni majina ya mamilioni ya watu, yenye historia ya karne nyingi, na katikati yake kuna herufi tatu ambazo kwa Kiingereza ni neno lisilo la adabu. Mtu anaandika jina alilopewa na wazazi wake, mashine inamwambia ametukana.

Kwa Kiswahili tabu inaingia hadi kwenye vitenzi. Wengi mnazuia neno nazi kwa sababu ya chama kile cha Ujerumani, na sababu hiyo naielewa vizuri. Lakini katika lugha yetu herufi hizo nne zinajitokeza kila mara, kwa kuwa ni kiambishi cha wakati kikikutana na mzizi wa kitenzi. Anazidi. Anazima. Anaziba. Siku moja tulikuwa sita mbele ya joka, mimi nikiwa mganga, na joka lilikuwa limeanza kuzima mienge ya ukumbini mmoja baada ya mwingine. Nikaandika haraka: "Anazima mienge, rudini nyuma." Wenzangu wakaona "A****ma mienge, rudini nyuma." Wawili walisimama kuuliza nimemtukana nani. Joka likamaliza mienge. Siku hiyohiyo, katika gumzo hilohilo, kijana mmoja aliandika tusi la Kiswahili la nguoni, zito, la kumtaja mama wa mtu, likapita safi bila nyota hata moja.

Hilo ndilo linalouma. Chujio linaziba maneno yetu safi na kuachia machafu yetu, kwa sababu halikuwahi kuonyeshwa kwa mtu anayejua lugha hii. Ombi si kwamba mliondoe. Lisome neno zima badala ya vipande. Litambue lugha kabla ya kuhukumu. Orodha zake zipitiwe na wazungumzaji wenyewe, wakilipwa kwa kazi hiyo. Na kabla jina la mtu halijafutwa na kubadilishwa kwa nguvu kwa sababu ya ripoti moja, binadamu alisome na mwenye jina apate nafasi ya kueleza. Kuingia asubuhi ukakuta mhusika wako wa miaka minne amepewa mfululizo wa herufi na namba ni kama kurudi nyumbani ukakuta kitasa kimebadilishwa.

Sheria za kulinda hali ya mchezo naziunga mkono, hata zile kali. Katika seva za kuigiza visa, ambako watu wanaishi ndani ya ulimwengu wenu kwa moyo wote, jina la mzaha linaharibu. Nimehudhuria mazishi ya mhusika, watu arobaini wamesimama kimya na mishumaa mikononi, na mmoja wao juu ya kichwa ana jina la utani wa siku ile mtandaoni. Sikulaumu chama. Nililaumu ukurasa ambao haukumweleza yule kijana anaingia mahali pa namna gani.

Halafu lipo lile jibu lingine: jina limeshachukuliwa. Hapa nina msimamo, nao ni huu: watu wawili wanaweza kuwa na jina moja. Ndivyo ilivyo kila mahali watu wanapoishi, na hakuna ulimwengu uliowahi kuvunjika kwa sababu hiyo. Mkidai kila jina liwe la mtu mmoja tu kwa seva nzima, mnawasukuma watu kwenye hila. Anayetaka jina la shujaa maarufu anatia kialama juu ya e, au anakariri herufi ya mwisho mara tatu. Kisha unataka kumwalika kwenye kundi, vita inaanza, na kibodi yako haina herufi ile. Unamwandikia, jibu linakuja kwamba mtu huyo hayupo, na yupo mbele yako anakupungia mkono.

Njia ziko, na zimejaribiwa. Guild Wars ya 2005 ilidai jina la maneno mawili au zaidi, na uwanja wa majina ukapanuka papo hapo. Final Fantasy XIV inafanya hivyo kwa jina na ukoo. Blizzard, watengenezaji wa World of Warcraft, katika BattleTag zao, yaani majina ya akaunti, wanaweka tarakimu nyuma ya jina, hivyo wengi wanaweza kushiriki jina moja na mashine bado inajua nani ni nani. Tarakimu hizo zikifichwa zisionekane juu ya kichwa, mimi naridhika kabisa. Na kama hamtaki kulegeza hata hapo, basi achieni majina yaliyolala. World of Warcraft imewahi kuyaachia majina ya wahusika ambao wenyewe hawakuingia kwa miaka mingi. Jina zuri kukaa kwenye akaunti ambayo mwenyewe alishaisahau, huku mtu mwingine yuko mlangoni anaomba, si haki kwa yeyote.

Kuna jambo moja kuhusu sauti, na hili nalielekeza kwa waandishi. Zamani mazungumzo yalipokuwa maandishi tu, jina ulilolichagua lilichapwa ndani ya sentensi za wengine. Mzee wa kijiji alikuita. Adui alikutaja kwa hasira. Katika Final Fantasy VII ya 1997 ulipewa nafasi ya kuwapa majina hata wenzako wa safari, akiwemo Aerith yule muuza maua. Ukaandika jina lake kwa mkono wako, na baadaye ukamwona akiuawa. Wengi waliocheza wakati ule hawajasahau, na naamini kuandika lile jina kulikuwa na sehemu yake katika uchungu ule.

Kisha sauti za waigizaji zikaja. Katika Final Fantasy X ya 2001, ya kwanza katika mfululizo mkuu kuwa na sauti hizo, mchezaji anaweza kumpa shujaa jina analotaka, na kwa hiyo hakuna mtu anayemtaja kwa sauti. Anapendwa, anaombolezwa, haitwi. Tangu hapo mmehangaika na tatizo hili kwa njia mbalimbali. Skyrim ya 2011 inakuita kwa cheo, Dragonborn, na cheo hicho kina uzito wake ndani ya kisa. Baldur's Gate 3 ya 2023 ina wenzako wanaokupenda na kukubishia usiku kucha kambini, lakini jina lako halitoki midomoni mwao.

Kwangu mimi suluhisho bora zaidi ni la Dragon Age II ya 2011. Ukoo wako ni Hawke, umeamuliwa, na kila mtu mjini anautaja kwa sauti, kwa upendo au kwa dharau. Jina lako la kwanza ni lako, unalijua wewe, linabaki kwenye maandishi. Hakuna aliyenyimwa. Mwigizaji ana neno la kutamka, na mchezaji ana neno lake la siri. Najiuliza kwa nini wengine hawakufuata njia hiyo, kwa sababu gharama yake ni neno moja tu.

La mwisho ni wakati wa kuuliza. Mnatutaka jina kabla hatujapiga hatua hata moja. Mimi huyu mtu sijamsikia akizungumza, sijajua kama ni mwoga au jasiri, sijajua hata ulimwengu alimo una jua au hauna. Mnaweza kuliuliza baadaye, ndani ya kisa: mlinzi wa lango anataka kuandika kwenye daftari lake, au mtu uliyemwokoa anauliza amshukuru nani. Au liulizeni mwanzoni, kisha mtuachie tulibadilishe bure katika saa chache za kwanza. Zipo gemu zinazotoza pesa kubadilisha jina. Kwa aliyechoka na jina lake baada ya miaka, sawa, atalipa. Kwa aliyelazimika kuandika jina lenye kosa kwa kuwa kisanduku hakikutaka kumweleza kosa lake, kumtoza si sawa, na nawaomba mliache.

Mganga wangu bado yupo kwenye ile seva. Amefika ngazi ya juu, ana fimbo niliyoihangaikia miezi mitatu, na lile kovu lililofifia linaonekana vizuri akigeuka upande wa mwanga. Juu ya kichwa chake pameandikwa Mngaro. Wenzangu wa chama, ambao wanajua Kiswahili, wamezoea kuniita kwa sauti jina sahihi, Mng'aro, kwa hiyo kila wiki tunapokutana masikioni mwangu naitwa vile nilivyokusudia, na machoni mwangu nasoma kingine. Siku mtakapofungua kisanduku hicho kipokee ritifaa, nitaingia usiku huohuo kuirudisha.

Wenu,
Mchezaji wa siku nyingi